Ushahidi wa Alama za Kulengea

Kila chombo kilichofanywa kwa mkono wa mtu kina neno la kusema juu ya mtu huyo. Jembe hueleza ugumu wa ardhi, chungu hueleza chakula cha nyumba, na bunduki hueleza umbali uliokuwako kati ya mpigaji na mpigwa. Umbali huo haukuandikwa katika kitako wala katika mtambo, ijapokuwa sehemu hizo ndizo zivutazo macho ya wengi. Umeandikwa katika vipande vidogo vya chuma vilivyo juu ya kasiba: alama ya kulengea ya mbele, karibu na mdomo wa bunduki, na alama ya kulengea ya nyuma, karibu na jicho la mpigaji. Ajuaye kuzisoma alama hizi hadanganywi kwa urahisi na maneno ya muuzaji, wala na majivuno ya mwenye mali.

Wakusanyaji wa bastola za kushindania shabaha huko Marekani wameifanyia kazi nyingi elimu hii. Mwaka 1930 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa rivolva iliyoitwa K-22, ya risasi ndogo ambayo baruti ya kuiwashia imo katika ukingo wa kitako chake. Mwaka 1940 ilitoa aina ya pili, yenye alama ya nyuma iliyoundwa upya. Skrubu yake ilizunguka kwa vituo vyenye mlio, hata mpigaji akaweza kuhesabu ameisogeza kiasi gani. Vita vilikatiza kazi hiyo baada ya kutengenezwa bastola zipatazo elfu moja tu. Alama za mbele nazo zilitofautiana: nyingine zilikuwa na tone la mviringo kama ushanga, nyingine zilikuwa ubapa wenye pembe za mraba, namna ambayo hata leo huitwa kwa jina la Patridge aliyeibuni. Kwa jicho lisilozoea, bastola mbili za namna hiyo ni pacha. Kwa jicho lililofunzwa, moja ni ya kawaida na nyingine ni adimu, na tofauti ya thamani yake imekaa juu ya kipande cha chuma kisichozidi ukucha.

Katika milima ya Usambara elimu hiyo hiyo ina uzito mwingine, maana huko bunduki haikuingia kuwa chombo cha mchezo. Masimulizi ya Washambaa yanamtaja Mbegha, mwasisi wa ukoo wa Wakilindi, kuwa mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu na mbwa na mikuki. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala toka Vugha mpaka alipofariki mwaka 1862, hakuhitaji bunduki nyingi. Mamlaka yake yalisimama juu ya kodi, heshima na imani ya watu kwamba mvua imo mkononi mwake. Baada yake mambo yalipinduka. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini ya mlima, katika njia ya misafara itokayo pwani. Hapo bunduki na baruti zilipatikana kwa biashara, na aliyekuwa nazo aliweza kumtia hofu aliyekaa katika kiti cha enzi. Nguvu ilishuka kutoka mlimani ikakaa bondeni.

Bunduki za biashara za wakati ule zilikuwa hasa gumegume na magobori ya fataki, yenye kujazwa kwa mdomo. Kasiba zake zilikuwa laini ndani, na risasi ya mviringo ikitoka humo haikuaminika kupita hatua mia moja hivi. Ndiyo sababu nyingi zilikuwa na tone moja la chuma au shaba karibu na mdomo, na nyuma hazikuwa na kitu. Fundi hakuona haja ya kuweka alama ya pili kwa chombo kisichoweza kuitii. Mtu akisimama leo Irente, karibu na Lushoto, huliona bonde la Mazinde limetandazwa chini yake. Lakini gobori la Semboja halikuweza kufika hata sehemu ndogo ya umbali ambao jicho hufika. Aliyelitumia alikuwa karibu kiasi cha kuutambua uso wa adui, na pengine kulijua jina lake.

Wajerumani walikuja na kipimo kingine. Askari wao wa Kiafrika walipewa bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya viasi, yenye kasiba iliyokatwa mifuo ndani, na alama ya nyuma ya kusimamishwa iliyopimwa hadi mita 1,600. Mpigwa hakuwa tena na uso. Alikuwa doa katika nyasi, na umbali wake ulikuwa tarakimu. Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huo huo mwanawe Mputa alinyongwa na Wajerumani. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao.

Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado na bunduki ile ya 1871, ambayo moshi wa baruti yake ulimfichua mpigaji. Katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 waliteka bunduki za Kiingereza kwa mamia. Mwezi Juni 1916 Waingereza waliingia Wilhelmstal. Hivyo katika muda mfupi njia za Usambara zilipitiwa na bunduki zilizopimwa kwa mita na bunduki zilizopimwa kwa yadi, na si ajabu bunduki moja kuwatumikia mabwana wawili.

Hapo ndipo alama za kulengea zinapokuwa shahidi. Mauser ya mwaka 1898 kwanza ilikuwa na alama ya nyuma iliyoanza mita 200. Baada ya Wajerumani kuchagua risasi ya ncha kali mwanzoni mwa karne ya 20, alama hiyo ilibadilishwa ikaanza mita 400. Lee-Enfield fupi ya Waingereza ilipimwa toka yadi 200 hadi 2,000, na ubavuni ilikuwa na alama ya ziada kwa masafa marefu sana. Mwaka 1916 ilikubaliwa aina isiyo na alama hiyo, ili kazi ya viwandani iwe nyepesi. Katika Vita vya Pili vya Dunia ilikuja Lee-Enfield ya namba nne, na baadhi yake zilikuwa na kibati chenye matundu mawili tu, la yadi 300 na la yadi 600.

Sasa na ifikiriwe bunduki iliyorithiwa katika ukoo, ambayo wenyewe husema ilikuwa ya Semboja. Ikiwa alama yake ya nyuma inaanza mita 400, neno hilo haliwezi kuwa kweli, kwa kuwa Semboja alikuwa kaburini kabla bunduki hiyo haijabuniwa. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa mwisho wake ni tarakimu moja juu ya chuma. Walakini ukweli unaobaki si haba. Huenda bunduki hiyo ilishikwa na askari aliyetembea toka Tanga mpaka mbali kusini, mtu ambaye jina lake halimo kitabuni. Kumvua sifa mtawala aliyekwisha kutajwa ili kumtafuta askari asiyetajwa si hasara kwa historia.

Lakini shahidi mmoja hatoshi. Alama hulegea, huvunjika, na fundi huweka nyingine. Mwenye busara hutazama kama rangi ya chuma cha alama yalingana na ya kasiba, kama kitako chake kina mikwaruzo ya nyundo, na kama namba na mihuri vinapatana. Tone la shaba lililounganishwa kwa mkono wa mhunzi wa kijijini nalo ni habari, na yule aling'oaye ili aweke jipya linalong'aa huwa amemziba shahidi kinywa.

Jambo hili lina haraka yake. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inazuia mtu kumiliki silaha bila leseni, na ni haki iwe hivyo, kwa maana gobori la kale laweza kuua leo. Silaha haramu zilizokusanywa zimewahi kuteketezwa kwa moto hadharani. Moto huo huokoa maisha, na hakuna mpenda historia mwenye akili atakayeulaumu. Lakini moto hauchagui kati ya gobori lililofuliwa juzi na gumegume lililopanda Usambara miaka mia moja na hamsini iliyopita. Kabla ya kuni kuwashwa, mwanafunzi mmoja mwenye rula, kalamu na kamera, akiwa na ruhusa ya polisi, angeweza kuandika yaliyomo juu ya kila kasiba: alama ngapi, za umbo gani, zenye tarakimu zipi. Bunduki ikisha kuyeyuka, ushahidi wake utakuwa umebaki katika karatasi, mahali ambapo hauwezi kumdhuru mtu.