Saa za New York, Mezani Pangu Nairobi

Mwanamke akiajiriwa katika ofisi ya kanda ya kampuni ya kimataifa, watu huulizia mshahara na bima ya matibabu. Ni wachache wanaoulizia saa. Nimekuwa mhasibu katika ofisi ya namna hiyo hapa Nairobi kwa miaka 14, na makao yetu makuu yako New York.

Saa 7 mchana kwao, majira ya baridi, huku ni saa 3 usiku. Wakati huo watoto wamelala. Lakini kila Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele, na sisi tulio karibu na Ikweta hatusogezi kitu. Basi mkutano ule ule huangukia saa 2 usiku: ugali umeiva, kitinda mimba anasinzia, Biblia iko mezani. Mpaka Novemba! Mara nne kwa juma nilijifungia chumbani na kompyuta, na wanangu wakasali bila mimi. Yule mdogo akaanza kuniombea pamoja na watu walio safarini.

Tukilalamika, husomewa Mithali 31. Naipenda sura hiyo, ila yule mama, kwa ninavyoona, ratiba yake aliipanga mwenyewe.

Kuacha kazi halikuwa jambo jepesi, kwa maana karo ilitoka katika mshahara huo. Baba watoto akaniambia, "Mama, kazi usiache, lakini usinyamaze pia." Tukaomba juma zima. Kisha nikachukua karatasi, nikaandika saa za miji yote. Saa 7 mchana ya New York, majira ya joto, Lagos ni saa 12 jioni, wenzetu wamo katika msongamano wa magari. Johannesburg ni saa 1 usiku. Lakini saa 4 asubuhi ya New York ingekuwa saa 9 Lagos, saa 10 Johannesburg, na saa 11 jioni kwetu. Watu wote wangekuwa bado ofisini.

Katika barua sikutaja ibada wala watoto. Nilitaja hesabu, kwa sababu wakubwa wetu huelewa hesabu. Niliwaonyesha kwanza wenzangu wa miji hiyo, na mama mmoja wa Lagos akajibu kwa neno moja tu: "Hatimaye." Tukaitia sahihi sote.

Siku tisa hatukujibiwa. Fununu zikaja kwamba sisi wa kanda hatuna moyo wa kazi, nami nikakosa usingizi. Siku ya kumi mkubwa wetu akakubali, isipokuwa mikutano ya kufunga hesabu za kila robo mwaka.

Majira yao ya baridi sasa natoka ofisini saa 1 usiku, na chakula nakikuta kingali cha moto. Robo mwaka ikiisha, bado naitwa usiku. Siku hizo baba watoto huongoza ibada, nami nawasikia wakiimba upande wa pili wa ukuta.