Baiskeli ya Kuteremkia Milima ya Taita

Mwezi uliopita nilipanda Taita kwa sababu ambayo sikupata kuidhania maishani mwangu: kwenda kuchagua baiskeli ya kuteremkia mlima.

Umbu langu ni mjane. Kila alfajiri huuza mahamri na mbaazi za nazi kibarazani mwake, na kwa biashara hiyo amewasomesha watoto wanne. Kitinda mimba wake, kijana wa miaka 19, anasomea ufundi wa umeme huko Wundanyi, na huko amejiunga na vijana wenziwe ambao siku za mapumziko hupakia baiskeli juu ya matatu, wakapanda nazo mlimani, kisha wakashuka kwa njia za mbuzi hadi bondeni. Mwezi wa Rajabu alianguka na baiskeli ya kuazima, waya wa breki ulipokatika katikati ya mteremko. Alishonwa nyuzi 8 kidevuni. Mamake hakuambiwa, aliiona picha katika simu ya jirani.

Alinijia jioni moja na shilingi 20,000, zamu yake ya upatu, zimefungwa penye pindo la leso. "Kaka," akaniambia, "nimemkataza, naye ameniitikia 'naam mama', na mimi najua naam yake ile. Kama hapana budi atashuka, basi na ashuke na kitu kizima. Nenda ukamchagulie. Wewe ndiwe baba kwake." Nilimjibu kwamba mimi ni mwalimu wa chuo, na baiskeli niijuayo ni moja tu, Black Mamba ya marehemu baba yetu, yenye breki za vyuma virefu na uzito wa punda. Akaniwekea zile fedha mkononi, akaenda zake kuroweka mbaazi.

Kutoka Mombasa hadi Voi ni takriban kilomita 160, na barabara yote hiyo ni nyika kavu ya vichaka na vumbi jekundu. Voi gari huiacha barabara kuu ya Nairobi, likaelekea magharibi, njia ya Taveta. Ukifika Mwatate unayaona mashamba ya mkonge yamepangwa safu kwa safu kama jamaa waliosimama swafu, na mbele yako milima imejiinua ghafla. Kutoka hapo hadi Wundanyi ni mwendo usiozidi kilomita 20, lakini katika mwendo huo unapanda takriban mita 500. Masikio huziba. Joto la pwani hukuacha njiani kama mgeni aliyeteremka kituo kisicho chake, na badala yake huja harufu ya udongo uliolowa, migomba, kabeji na mahindi yaliyopandwa katika matuta ya kukinga mmomonyoko. Juu zaidi kuna kilele cha Vuria, mita 2,208, ambacho asubuhi hiyo sikukiona kwa ukungu. Nilikuwa nimevaa kanzu na koti moja jepesi, na nilitetemeka hadi mwenyeji wa kijana akanihurumia kwa blanketi.

Sikutaka kutazama baiskeli yoyote kabla ya kuitazama njia. Kwa hiyo baada ya chai nilimwambia mpwa wangu, "Nionyeshe unakopita," nasi tukashuka kwa miguu, mimi na bakora yangu, yeye mbele.

Ilikuwa ni njia nyembamba, upana wa mtu na mzigo wake wa kuni. Pengine ni udongo laini chini ya mikaratusi, pengine mwamba mtupu, pengine mizizi iliyovuka njia kama mishipa katika mkono wa mzee. Pana mahali mteremko ni mkali hata nilikaa kitako nikajiburura, na kanzu yangu ni shahidi. Chini kidogo ya hapo alisimama, akanionyesha jiwe. "Hapa, Mjomba." Nililitazama lile jiwe muda mrefu. Halikuwa kubwa, kiasi cha mbuzi aliyelala. Mkono wa kulia kulikuwa na korongo lililojaa miba, na angeangukia upande huo nisingekuwa naandika habari hii kwa lugha niandikayo.

Nilikasirika, nisifiche. Nilitaka kumwambia kwamba mchezo umekwisha, zile fedha nazirudisha kwenye leso zilimotoka. Lakini akaanza kunieleza jinsi anavyoshuka, macho yake yanatazama hatua kumi mbele si gurudumu, uzito wake nyuma ya tandiko, vidole viwili tu juu ya breki, na nikamwona ametulia kuliko nilivyopata kumwona. Kijana huyu tangu babake afariki hakuwa akizungumza sana. Nikanyamaza, tukaendelea kushuka.

Mchana tulikwenda Voi, kwa fundi mmoja mzee wa Kitaita ambaye huuza baiskeli za mitumba uani kwake. Kwa bei ya mamake palikuwa na mbili tu za kuzungumziwa.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, inang'aa, yenye springi mbele na springi nyingine kubwa chini ya tandiko, bei 19,500. Ya pili ilikuwa ya kijivu, fremu ya aluminiamu iliyokwaruzika, springi za mbele peke yake, nyuma hakuna kitu, bei 15,000. Mpwa wangu alikwenda kwa ile nyekundu kama nyuki kwenye ua. Na mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani yuko sahihi. Mlima una mawe, springi hupunguza mtikiso, na zenye springi mbili hazishindwi na yenye moja. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza.

Yule mzee hakubishana nasi. Aliinua ile nyekundu kwa kushika tandiko, akaliachia kidogo, akalivuta tena. "Sheikh, weka kidole hapa." Niliweka kidole penye maungio ya nyuma nikasikia mchezo, chuma kinagonga chuma, kama jino linalotaka kung'oka. Akatueleza kwamba baiskeli hasa za kuteremkia milima, zile za mashindano ya Ulaya na Marekani, zina springi za nyuma za kweli, lakini bei yake mpya hufika mamia ya maelfu ya shilingi, na aghalabu huko mwendeshaji hupandishwa kileleni kwa gari au kwa viti vya kamba. Kiwanda kinapotaka kuuza umbo hilo hilo kwa bei ya chini, fedha huenda kwenye springi iliyo rahisi, na zinatolewa wapi? Kwenye breki, kwenye magurudumu, kwenye beringi. Unanunua mtikiso mdogo kwa breki mbovu, na juu yake uzito wa kusukuma unapopanda.

Kwa kweli breki za ile nyekundu zilikuwa za mpira unaobana ringi. Hizo si mbaya kwa mtu wa kwenda sokoni. Ila ringi ikilowa maji na matope, mpira huteleza kabla ya kushika, na mteremko mrefu huula mpira upesi. Ya kijivu ilikuwa na breki za diski, ile sahani ya chuma katikati ya gurudumu, mbali na matope, tena za mafuta wala si za waya. Mzee akaniambia niufinye mkono wa breki niushike kwa nguvu huku nikihesabu hadi thelathini. Ukizama taratibu kuelekea usukani, mafuta yanavuja mahali. Ukiwa laini kama sponji, kuna hewa ndani. Ule haukuzama wala haukulegea. Akaongeza jambo ambalo nalinakili kwa mama yeyote atakayetumwa dukani: mafuta ya breki hizi ni ya aina mbili zisizochanganywa, na anayetia yasiyo yake huharibu mipira ya ndani, hivyo uliza jina la breki kwanza.

Kisha akaipindua juu chini, tukaikagua fremu kwa tochi ya simu, hasa pale bomba la chini linapoungana na shingo ya usukani, kwani hapo ndipo fremu hupasuka. Rangi ikiwa na mstari mwembamba au imejikunja kama ngozi, achana nayo. Chuma cha kawaida fundi wa mtaani anaweza kukichomelea. Aluminiamu ikichomelewa bila kutiwa moto wa kitaalamu baadaye hubaki dhaifu pale pale palipoungwa. Tukazungusha magurudumu, tukatikisa usukani huku breki ya mbele imefungwa, tukapapasa spoku moja moja. Sikujua kwamba kununua baiskeli kunafanana hivi na kumkagua mbuzi wa akika.

Mpwa wangu alikuwa amenuna. "Mjomba, hii ya kijivu ni ya wazee."

Hapo mzee alicheka, akamsimulia habari ambayo nimeitafuta baadaye nikaikuta ni kweli. Mchezo huu ulipata umaarufu California, mwaka 1976, vijana wa karibu na mji wa Fairfax waliposhindana kushuka mlima mmoja kwa baiskeli nzito za zamani, nyingine za miaka ya 1930 na 1940, zisizokuwa na springi hata moja. Njia yenyewe ilishuka takriban mita 400 kwa kilomita 3 hivi. Breki yao ilikuwa ndani ya gurudumu la nyuma, ile ya kukanyaga pedeli kinyume, na kwa joto la kufunga breki grisi iliungua ikageuka moshi, hata wakifika chini hawana budi kuifungua na kuijaza upya. Ndipo mashindano yakaitwa Repack. "Hao hawakuwa wazee," akamwambia. "Walikuwa hawana pesa, kama wewe."

Tulipatana 13,500. Vipande vipya vya breki, mbele na nyuma, vilikuwa 1,000. Tairi pana la mbele lenye meno, 1,800, maana gurudumu la mbele ndilo linalokwenda kwanza kwenye jiwe. Glavu 500. Helmeti 3,000, mpya, na hapa nilikataa katakata kusikia habari ya mitumba, kwa kuwa helmeti iliyokwisha kugongwa mara moja huweza kuwa imevunjika ndani na nje ikaonekana nzima. Hayo yote ni 19,800. Kama tungenunua ile nyekundu, kichwa cha mtoto kingebakiwa na shilingi 500.

Usiku nilimpigia simu umbu langu nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja. "Na hiyo breki ya mafuta, haikatiki?" Nikamwambia mkono wa mwanadamu haukutengeneza kitu kisichoharibika, lakini waya ulioukata usingizi wako humo haumo. Akasema "haya", na haya ile sikuipenda sauti yake.

Jumapili nilitangulia na matatu hadi karibu na Mwatate, mahali ile njia inapotokea kwenye barabara, nikakaa chini ya mkwaju. Nilikuwa na tasbihi mkononi, lakini siwezi kudai kwamba nilihesabu sawasawa. Zilipita mbuzi, akapita mama na mtungi wa maji, wakapita vijana wawili na baiskeli zao wamejaa vumbi, mmoja wao akaniamkia "shikamoo" bila kusimama. Nikawauliza, "Mwenzenu?" Wakaonyesha nyuma kwa kidole.

Dakika kumi zilipita, na zilikuwa ndefu. Kisha nikasikia mawe madogo yakiporomoka, na ile kijivu ikatokea kwenye kona, pole pole kuliko nilivyoogopa, kijana amejirudisha nyuma ya tandiko na vidole viwili juu ya kila breki. Akasimama mbele yangu. Kidevu kile chenye kovu kilikuwa kimejaa jasho na cheko. Niliinama nitazame kama breki i salama, nikanyosha mkono kwenye ile sahani ya chuma.

"Usiiguse, Mjomba," akanishika kiganja, "ni moto."

Shilingi 200 zilizobaki nimezirudisha kwa wenyewe, katika leso ile ile.