Siku Tatu Kabla ya Kwenda Namugongo kwa Miguu

Leo ni Jumanne. Ijumaa alfajiri, Mungu akipenda, sisi watu kumi na mmoja tutaondoka hapa Tabora kwa miguu kwenda Namugongo, katika nchi ya Uganda, tufike kabla ya sikukuu ya Mashahidi, tarehe 3 Juni. Njia yetu ni Nzega, Shinyanga, Mwanza, Geita, Biharamulo na Bukoba. Kisha mpaka wa Mutukula, na Masaka. Ni zaidi ya kilometa 1,000, nasi tumehesabu siku arobaini pamoja na Dominika za kupumzika. Wengi wameniuliza tunachukua vyombo gani. Nitawajibu, lakini sharti kwanza niungame jambo la safari yangu ya kwanza, miaka mitatu iliyopita.

Wakati ule nilinunua viatu vipya, kwa kuwa niliona aibu katekista kuingia Namugongo na viatu vikuukuu. Tena nilijaza shanta langu vitabu vitatu, mashati manne, sufuria na blanketi zito. Siku ya nne, tulipokaribia Nzega, visigino vyangu vilikuwa malengelenge matupu, nikawa nachechemea kama ng'ombe mwenye kwato mbovu. Kijana mmoja wa parokia yetu akachukua mzigo wangu juu ya wake. Hakunung'unika. Hata tulipofika Shinyanga goti lake likavimba, akarudishwa nyumbani kwa basi. Mimi nilifika Namugongo, nikapiga magoti pale walipochomwa Mashahidi tarehe 3 Juni 1886. Yeye hakufika. Watu waliponipongeza niliporudi, sikujua nitazame wapi.

Basi tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza habari za mizigo. Nasi Wanyamwezi tulikuwa na walimu wa kazi hiyo nyumbani mwetu, kwani babu zetu walikuwa wapagazi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi: pembe ya ndovu, au robota la merikani, au ushanga. Juu ya huo aliweka vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, kibuyu cha maji na unga kidogo. Basi. Aliyebeba mzigo wa tajiri hakuwa na nafasi ya kubeba anasa zake. Mbele alitangulia kirangozi, naye ndiye aliyejua njia, na wenzake walimfuata. Burton na Speke walipokuja toka pwani mwaka 1857 walitembea zaidi ya siku 130 hata kufika hapa Tabora, palipoitwa Kazeh wakati huo. Na Livingstone alikaa Kwihara, karibu nasi, tangu Februari hata Agosti 1872, akiwangoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Sisi siku hizi twaona uchungu basi likichelewa saa moja!

Tena mapadre wa kwanza wa White Fathers walipita njia hiyo mwaka 1878. Mmoja wao, Padre Pascal, alifia njiani kabla ya kufika hapa. Waliobaki waligawanyika Tabora, wengine wakaenda Ujiji, na wengine wakaelekea kaskazini. Padre Lourdel na Bruda Amans wakaingia Buganda mwezi Februari 1879. Baadhi ya wale waliouawa Namugongo walifundishwa dini na Lourdel. Kwa hiyo twawafuata walimu wa Mashahidi, nao walitoka hapa hapa kwetu.

Jana jioni tulikutana uani kwa mfanya biashara mmoja anayenunua karanga, akatuazima mizani yake. Sheria yetu: kilo 6 kwa kila mtu, bila maji. Ndani ya hizo kuna nguo za kubadili mara moja, shuka, turubai jembamba kwa ajili ya mvua za mwisho wa masika, sindano na uzi, chumvi, tochi, na mafuta ya kupaka miguu kabla ya kuvaa soksi. Chandarua kimoja kwa watu wawili. Chakula cha akiba ni michembe, karanga na asali kidogo. Kingine tutanunua njiani. Karatasi nazo zina uzito wake: hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana bila hizo mtu atatembea mpaka Mutukula bure. Viatu viwe vimekwisha kuvaliwa miezi miwili. Jioni, katambuga.

Bibi mmoja mjane, mkubwa kuliko sisi sote, alikuwa na khanga tatu. Tukamwambia, "Bibi, mbili zatosha." Akajibu, "Mbili ni za kuvaa. Ya tatu ni ya kunizika, msije mkahangaika katika nchi ya watu." Hakuna aliyesema neno. Khanga ya tatu ikarudi mfukoni mwake, na mizani ikakubali.

Kisha wakaweka shanta langu. Kilo 9! Nikaanza kujitetea: kitabu hiki cha nyimbo, shati hili la Misa ya sikukuu. Yule kijana alikuwa amesimama nyuma yangu, kwani mwaka huu anakwenda tena, na goti lake limepona. Akaliinua shanta kwa mkono mmoja, akacheka, akasema, "Mwalimu, mzigo huu nautambua."

Watu wote wakacheka. Mimi nami nikacheka, lakini niliporudi nyumbani nilikaa kitako sakafuni, nikamwita mke wangu. Yeye ndiye aliyetoa vitu, mimi nikitazama tu: shati la sikukuu, blanketi, kitabu kikubwa, hata taulo la pili. Rozari na kitabu kidogo cha sala akaviacha. Asubuhi ya leo nimepima tena: kilo 5 na nusu.

Tumepatana kwamba kijana huyo ndiye atakayetangulia, awe kirangozi wetu, nami nitatembea nyuma yake. Saa kumi usiku wa kuamkia Ijumaa tutakutana mlangoni pa kanisa.

Viatu vyangu ni vile vile vya safari ya kwanza. Sasa vimekuwa vikuukuu.