Gari la Jeneza Tulilolitunza Likafa

Asubuhi ile jeneza lilikuwa limekwisha kuingizwa garini. Marehemu, mama mmoja wa mtaa wetu hapa Tanga, alikuwa ameoshwa na kukafiniwa, na sala ilikuwa imesaliwa. Wanaume walikwisha kuvaa viatu, wamejipanga kando ya barabara, wakingoja gari litangulie. Dereva akazungusha ufunguo. Kikasikika kitu kikigonga mara moja ndani ya injini, kisha kimya. Akazungusha tena. Taa za dashibodi zikafifia, zikazimika.

Vijana wakasema, tusukume. Wakaweka mikono nyuma ya gari zaidi ya kumi, wakaita Bismillahi kwa pamoja, na gari halikusogea hata shubiri. Breki ya mkono ilikuwa imeachiliwa, lakini magurudumu ya nyuma yalikuwa yamekamatwa kama yaliyopigiliwa misumari. Hapo ndipo wazee waliposema jeneza lishushwe, lichukuliwe mabegani. Likachukuliwa hadi barabara kuu, na huko akapatikana kijana muuza maji mwenye kirikuu, akashusha madumu yake yote chini bila ya kuuliza malipo, Mwenyezi Mungu amlipe. Mama yule akafika kaburini kwa gari la madumu.

Mwanawe mkubwa alitushika mkono baada ya maziko akatuambia, "Msijali, masheikh. Amefika." Tungependa angetugombeza.

Sisi tunaoandika haya ni kamati ya msikiti. Kalamu ameishika katibu, ambaye elimu yake ni ya chuo cha dini na si ya gereji. Tumeona tuyaandike kwa sababu tunajua misikiti mingi ina gari la namna hii, na nyumba nyingi zina gari ambalo baba hulitoa sikukuu tu au siku ya harusi, na huenda wenyewe wanalitunza kama tulivyolitunza sisi.

Gari letu ni Toyota Hiace ya dizeli, lililotumika kwanza Japani. Liliwekwa wakfu na mfanyabiashara mmoja wa mtaa huu, ambaye naye ametangulia mbele ya haki, na sharti lake lilikuwa jepesi: libebe maiti za Waislamu, tajiri na fukara, bila ya malipo. Tulilipenda mno. Tulilinunulia turubai la plastiki tukalifunika mpaka chini, tukalifunga kamba. Kila Ijumaa kijana mmoja aliliosha kwa nje. Katika miaka minne lilikuwa halijatimiza kilomita 3,000, na katika mikutano yetu idadi hiyo tulikuwa tukiitaja kwa fahari, kama mtu anayetaja fedha alizoweka akiba. Likigoma kuwaka, tulinunua betri nyingine. Tulinunua mbili hivyo, kila moja kwa zaidi ya shilingi laki mbili za sadaka za watu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini betri inakufa katika gari ambalo halifanyi kazi.

Fundi aliyekuja siku ya pili ni kijana wa umri wa kuwa mdogo wetu. Alifungua turubai, akainama chini ya gari, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa na kutu hadi kwenye nywele. "Ustadh," alimwambia katibu, "gari hili halijachoka na safari. Limechoka na kukaa." Kisha akatuonyesha kitu kimoja kimoja, na sisi tukakaa juu ya mikeka yetu mbele yake kama watoto wa madrasa.

Alianza na betri. Betri ya gari, alisema, hupungua moto hata ikiwa haiguswi, na katika joto la pwani hupungua upesi zaidi. Juu ya hayo, gari lililozimwa halilali kabisa: saa, redio na king'ora huendelea kunyonya kidogo kidogo. Akatuonyesha mita yake. Betri nzima, gari likiwa limezimwa kwa masaa kadhaa, husoma karibu volti 12.6. Ikishuka hadi 12.0 iko karibu kuwa tupu, ingawa taa bado zinaweza kuwaka na kumdanganya mwenyewe. Na ubaya wa kuiacha hivyo haumo katika kukosa moto tu, kwani moto unaweza kurudishwa. Ubaya ni kwamba ndani yake sahani za risasi huota gamba gumu ambalo kuchaji hakuliondoi tena. Betri zetu mbili hazikuwa mbovu zilipotoka dukani. Sisi tuliziacha na njaa mpaka zikafa.

Hapa mzee mmoja wa kamati akajitetea kwamba kila wiki alikuwa akiliwasha kwa dakika tano. Fundi akacheka kwa adabu. Stata, alisema, hunyonya moto mwingi kwa mara moja, na dakika tano za injini kunguruma pale pale hazitoshi kuurudisha wote. Alteneta inayofanya kazi hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5, lakini inahitaji muda. Kwa hiyo kila tulipodhani tunaweka, tulikuwa tunatoa.

Dakika tano zile zilikuwa na dhara jingine ambalo hatukulidhania kabisa. Mafuta yanapoungua hutoa mvuke wa maji. Sehemu ya mvuke huo hupenya kando ya pistoni ikashuka kwenye oili. Injini ikienda safari ya kutosha, oili hupata joto na maji hayo hutoka. Injini ikizimwa kabla ya kupata joto, maji hubaki, yakachanganyika na masizi na uchafu wa mafuta, yakawa asidi yenye kula vyuma taratibu. Fundi alifungua kifuniko cha oili, na upande wake wa ndani tukakuta utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Tangu siku hiyo tumejua kwamba oili ya gari lisilotembea hubadilishwa kwa kalenda, si kwa kilomita. Yetu ilikuwa na miaka minne, na tulikuwa tukisema bado ni mpya kwa kuwa kibandiko kilisema ibadilishwe ikifika kilomita 5,000.

Katika mlango wa maji chuoni tulikaa wiki nyingi tukijadili maji yaliyotuama: machache na mengi, yaliyobadilika rangi na yaliyobadilika harufu. Hatukujua kwamba siku moja tungeyakuta ndani ya tangi la dizeli. Tangi letu lilikaa robo miaka yote, kwa hoja kwamba hakuna haja ya kujaza mafuta yasiyotumika. Kumbe nafasi tupu ya tangi ni hewa, na hewa ya Tanga ina unyevu. Usiku hupoa, unyevu ukawa matone, matone yakashuka. Maji ni mazito kuliko dizeli, basi hukaa chini, mahali panapovutwa mafuta. Na pale maji yanapokutana na dizeli huota vijidudu vyenye utelezi ambao huziba filta. Fundi alifungua skrubu iliyo chini ya filta, akakinga kikombe. Yalitoka maji kwanza, kisha ute mweusi, na dizeli ikaja mwisho. Pampu na nozeli za gari la dizeli hazina subira na maji. Lau injini ingewaka asubuhi ile, pengine ingezimika njiani, na jeneza limo ndani.

Kuhusu magurudumu yaliyokamatwa, sababu ilikuwa breki ya mkono. Tuliliacha gari na breki imevutwa kwa miezi, na upepo wa bahari na turubai lililozuia unyevu usitoke vikafanya kazi yao: viatu vya breki vikashikana na ngoma kwa kutu. Gari linalokaa halifunikwi kwa plastiki iliyofungwa. Bora kivuli cha paa na hewa ipite. Na likiwa mahali tambarare huachwa katika gia, likawekewa vipande viwili vya mbao mbele na nyuma ya gurudumu, breki ya mkono ikaachwa huru.

Tairi zilikuwa na meno yote, nasi tukazisifu. Fundi akatuonyesha ubavuni tarakimu nne, ambazo wasomaji wanaweza kuzitazama leo kwenye magari yao: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 2316 ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama haijakanyaga barabara. Mpira huzeeka ukiwa umekaa. Ikipita miaka mitano inafaa ikaguliwe kila mwaka, na kumi ndiyo mwisho kabisa. Mbili zetu zilikuwa zimepita kumi, tena zimefanya ubapa upande uliolaliwa. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu kutoka hewani, hivyo hubadilishwa kila miaka miwili hivi. Mkanda wa taimingi, vilevile, huhesabiwa miaka na si mwendo tu. Ya panya waliotafuna waya za taa hatutayaeleza, ilitosha aibu.

Matengenezo yalichukua siku tisa na fedha ambazo tulikuwa tumezikusudia kwa mabomba ya udhu. Lakini fedha hazikutushinda kama lilivyotushinda suala lililofuata. Fundi alisema dawa ni moja: gari litembee kila wiki, nusu saa au zaidi, kwa mwendo wa barabara, mpaka joto lifike kwenye oili na breki zijikwangue kutu. Tukauliza, litembee likienda wapi?

Katika mkutano kulikuwa na rai tatu. Wazee wawili walichukia kabisa gari la jeneza kuonekana barabarani bila ya maiti. Walisema watu watashtuka kila mtaa, na tena ni kuzurura kwa mali ya Mwenyezi Mungu. Wengine walisema, kwa kuwa ni lazima litembee, basi libebe wagonjwa wanaokwenda kliniki, au watoto wa madrasa. Katibu alilazimika kuwakumbusha kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa, na marehemu alisema maiti. Lakini alikumbusha pia kwamba kuuhifadhi wakfu usiharibike ni wajibu wa msimamizi, na kama mwendo mtupu ndio unaoliweka hai, basi mwendo huo si kuzurura, ni sehemu ya matengenezo kama oili. Tukakubaliana kwa hilo, ingawa mzee mmoja aliondoka bila ya kunywa chai.

Sasa kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, kabla watu hawajawa wengi njiani, mmoja wetu huliendesha hadi Pongwe na kurudi. Kabla ya kuondoka hutazama chini ya gari kama kuna tone, hupima oili na maji ya rejeta, hutazama upepo wa tairi. Akirudi huandika katika daftari tarehe, kilomita, volti za betri, na lolote alilolisikia likilia. Tangi hujazwa. Tulifikiria kununua chaja ndogo ya kuacha imechomekwa, lakini umeme wetu twaujua. Badala yake waya hasi wa betri hufunguliwa gari likirudi. Ubaya wake ni kwamba mauti hayana saa, na usiku wa manane mtu asije akaanza kutafuta spana. Ile namba 10, ambayo katika gereji zote za dunia ndiyo inayopotea, imefungwa kamba pamoja na ufunguo wa gari na ufunguo wa msikiti, na vyote hulala kwa muadhini.

Zamu ya kwanza ya Jumamosi ilikuwa ya katibu. Karibu na Pongwe mama mmoja aliyekuwa akisubiri daladala na kikapu chake aliliona gari, akakitua kikapu, akainua mikono kumwombea dua asiyekuwamo. Hatukuwa na uso wa kusimama na kumweleza. Tuliitikia amina tukapita.

Rai ya wagonjwa haijafa. Mjane wa mwenye kuweka wakfu ameleta ujumbe kwamba mumewe, akimjua, asingekataa gari limpeleke mgonjwa hospitali, na kwamba alikuwa hai wakati maneno ya sharti yalipotamkwa na aliyasikia yote. Tumemwomba aje yeye mwenyewe mkutano ujao, pamoja na watoto wake, na yule mzee wa chai ameahidi kuwapo. Hadi hapo, Jumamosi gari huenda tupu.