Picha ya Ndege: Pumzi ya Mkimbiaji Huanzia Jikoni

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro hufika Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, safari ikiwa bado changa. Miongoni mwa maeneo ya mji huu ni Picha ya Ndege. Mji wenyewe si mgeni kwa riadha: Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, ameanzisha shule zenye jina lake hapa Kibaha.

Tulipopita kwenye meza za wauza vyakula, tulijiuliza: mzazi ambaye mwanawe anapenda mbio ndefu amlishe nini? Jibu lilikuwa mbele yetu: mihogo, viazi vitamu, ndizi, maharage, dagaa, mchicha na machungwa. Hatua chache kando, dukani, zilipangwa chupa za vinywaji vya kuongeza nguvu, ambazo vijana wengi huzikimbilia.

Mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na ini, na akiba hiyo humtosha mkimbiaji wa kasi kwa takriban saa moja na nusu hadi mbili. Wahenga walinena: chovya chovya humaliza buyu la asali. Buyu hilo hujazwa kwa ugali, mihogo na viazi vya kila siku. Sukari na kafeini ya chupa humwamsha kijana kwa muda mfupi tu.

Pumzi nayo yahitaji damu njema. Dagaa na maharage yana madini ya chuma, ambayo binti aliyebaleghe huyahitaji zaidi. Chungwa baada ya mlo huusaidia mwili kuyapokea madini ya maharage na mchicha, ilhali chai inywewayo pamoja na chakula huyazuia. Basi chai na isubiri walau saa moja.

Mlo kamili uliwe saa mbili au tatu kabla ya mbio. Anayekimbia alfajiri, ndizi mbivu na maji vyamfaa. Akirejea, apate uji na yai, au maziwa mtindi na viazi. Katika Ramadhani, mazoezi mazito yahamie baada ya futari, maji yanywewe kidogo kidogo hadi daku, na daku isiachwe.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kutojaza tumbo, na kuiachia pumzi theluthi yake. Lakini kiasi si njaa. Wapo vijana wanaojinyima chakula ili wawe wepesi. Mwishowe mifupa hudhoofika, na hedhi ya binti yaweza kukatika. Mzazi akiona dalili hizo, ampeleke kwa daktari mapema, wala asizihesabu kuwa ni ushujaa.

Mkimbiaji hahitaji chungu cha peke yake. Chungu cha familia chamtosha, naye apakuliwe zaidi siku za mazoezi.