Matuta ya Bibi, Matuta ya Mama

Bibi yangu hakuwapenda Waingereza, lakini matuta yao aliyachukia zaidi. Alikuwa mwali aliyeolewa karibuni wakati serikali ya kikoloni ilipoleta Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kuamuru watu wachimbe matuta ya ngazi mlimani. Asiyechimba alitozwa faini. Bibi alipotusimulia hakuanza na siasa, alianza na udongo. Ukiukata mlima bila kuujua, alisema, udongo mweusi wa juu unafukiwa na mahindi yanabaki kuota kwenye udongo mwekundu usio na kitu. Unatoa jasho kiangazi kizima, halafu unavuna mabua. Mwaka 1955 watu wa Matombo, hapo hapo Uluguru, walichoka. Zikazuka ghasia, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango wenyewe ukaachwa.

Kwa hiyo mimi nilikua katika miaka ya 1980 kwenye mlima usio na tuta hata moja. Shamba letu liko juu ya mji wa Morogoro, na ni la upande wa mama, maana kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata tumbo. Mwezi wa kumi tulichoma majani yote, tukapanda mahindi kwenye majivu, na masika yalipoingia Machi tukawa tunakimbizana na magugu. Watoto tulipenda mvua ile. Mto Morogoro uligeuka rangi ya chai ya maziwa, nasi tukasimama kwenye jiwe kuutazama ukishuka mjini kwa ngurumo. Hakuna aliyetuambia kwamba lile lilikuwa shamba letu linaondoka.

Mavuno yalipopungua, zikaja dawa. Mama aliacha mahindi akahamia kwenye nyanya na kabichi, kwa sababu mji ulikuwa unakua na mboga zilikuwa na pesa. Bomba mgongoni, kanga kichwani, miguu peku. Mshauri wetu wa kilimo alikuwa muuza duka la pembejeo, naye ushauri wake wa kila mara ulikuwa kuongeza dozi. Jioni Mama alilala na kichwa kinamgonga, asubuhi tukashuka sokoni na nyanya zilizopigwa dawa juzi yake. Sikumbuki mteja hata mmoja aliyeuliza.

Mabadiliko yalikuja taratibu, tena kwa sababu ya kawaida kabisa: dawa zilipanda bei kuliko nyanya. Wakati huo kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia dawa za viwandani, kilikuwa kimeshapata wenyewe nchini. Shirika la TOAM lilianza 2005, viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vikapitishwa 2007 pamoja na alama ya Kilimohai, na mwaka 2011 hapa hapa Morogoro likaanzishwa shirika la SAT, linalofundisha wakulima wadogo. Mama na wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa wakaenda kujifunza. Akarudi na miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, katikati inaning'inia kamba yenye jiwe.

Bibi alikuwa hai bado. Aliketi kwenye kigoda chini ya mgomba akamwangalia binti yake akiisogeza ile miti hatua kwa hatua, akisubiri jiwe litulie kwenye alama, halafu anachomeka kijiti ardhini. Mstari wa vijiti ulipovuka shamba lote, Bibi akaelewa.

"Nani kakutuma?" akauliza.

"Hakuna aliyenituma, mama."

"Na udongo mweusi unaupeleka wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo bwana shamba wa 1952 alipaswa kuulizwa na kulijibu. Mama alimwonyesha. Kwenye matuta ya aina hii, yaitwayo fanya juu, huukati mlima kuwa ngazi. Unachimba mtaro kufuata mstari, udongo unautupa upande wa juu, na juu ya tuta hilo unapanda majani ya gwatemala au matete. Mvua ikija, udongo unaoteremka unakwama kwenye tuta. Mwaka hadi mwaka nyuma yake panajaa, na ngazi inajitengeneza yenyewe bila udongo wa juu kufukiwa. Bibi hakusifu. Alisema tu mtaro wa pili uko karibu mno na mgomba wake, usogezwe. Ukasogezwa.

Siku hizi nafanya kazi mjini, lakini masika yakiingia Jumamosi zangu ni za huko juu, na siku ya masika ina utaratibu wake. Saa kumi na moja alfajiri tunakata mchicha, mnafu na majani ya maboga ukungu ukiwa bado umelala shambani, tunafunga mafungu kwa kamba za mgomba, na tenga linashuka kwa bodaboda kabla barabara haijaanza kuteleza. Jua likichomoza tunapita kwenye mahindi tukichungulia kila moyo wa mche. Viwavijeshi vamizi wapo nchini tangu 2017, na kwa shamba la ekari moja dawa yetu ni vidole na majivu. Kazi ya kinyaa, sitaficha. Halafu palizi, halafu kukagua mitaro ilipobomoka usiku.

Kazi ninayoipenda ni mboji. Lundo linapangwa tabaka kwa tabaka, majani makavu, majani mabichi, samadi ya mbuzi, majivu kidogo, na katikati unasimamishwa mti mrefu. Mama huuchomoa mti ule na kuushika kwa kiganja. Ukiwa wa moto, lundo linafanya kazi. Ukiwa wa baridi na umelowa, mvua imeingia na hewa imekosekana, basi tunageuza lote na kulifunika upya kwa majani ya migomba. Masika ndiyo adui mkubwa wa mboji kwetu, kuliko hata kuku wa jirani.

Sitaki kulipamba jambo hili. Nyanya Mama hapandi tena masika. Bila dawa, ukungu wa Aprili unazimaliza, na mchanganyiko wa mwarobaini, pilipili na kitunguu saumu hufukuza wadudu, hautibu ukungu. Mapato ya nyanya za masika tumeyaacha. Tena kuna ukaguzi. Wanakikundi hukaguana wenyewe kwa wenyewe ili waruhusiwe kutumia ile alama ya Kilimohai, na hakuna afisa mkali kuliko jirani yako wa miaka mingi anayefunua stoo yako kutafuta chupa. Shangazi mmoja alinuniwa msimu mzima kwa sababu ya kopo kuukuu la dawa alilokuwa anawekea mbegu. Mimi naona ni ukaguzi wa haki kuliko wa karatasi.

Mto bado unageuka rangi mvua ikinyesha sana, kwa kuwa majirani wengi wa bondeni wanachoma na kulima hadi ukingoni. Lakini maji yanayotoka kwenye mitaro yetu ni karibu meupe.

Kilichobaki kama zamani ni bei. Hoteli moja mjini hutuongezea kidogo, ila sehemu kubwa ya mchicha wa Mama huishia Soko Kuu la Chifu Kingalu, fungu lake likilingana bei na fungu lililopigwa dawa juzi. Muuzaji hana sababu ya kuyatofautisha wakati mnunuzi hatofautishi. Basi wewe unayenunua mboga, iwe Morogoro au Kariakoo, muulize muuzaji zimelimwa wapi na zimepigwa nini, na usikubali akuambie tu kwamba ni fresh. Wakiulizwa wengi, wataanza kutuuliza sisi.