Tübingen: Fedha Zipo, Mkononi Hamna

Mama msomaji, treni ya kutoka Stuttgart kwenda Tübingen haichukui muda mrefu, lakini sisi tuliiona ndefu. Ilikuwa Novemba 2025. Tulikuwa kina mama wanne wa usharika mmoja wa Moshi, tumevaa makoti ya kuazima, tukienda kuwatembelea wenzetu wa usharika rafiki katika nchi ya Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Pamoja na safari hiyo ya kanisa sisi tulikuwa na jambo jingine moyoni. Binti yetu wa kwanza alikuwa amefika Tübingen wiki saba kabla, kusomea shahada ya pili, na kila tulipompigia simu alijibu hivi: "Niko salama mama, msiwe na wasiwasi."

Tübingen ni mji mdogo wa vilima. Mto Neckar unapita katikati, na ukingoni zimesimama nyumba ndefu nyembamba, za njano, za waridi na za kijani kibichi, zimebanana kama watoto kwenye benchi la kanisa. Upo mnara wa njano ambamo mshairi Hölderlin aliishi miaka 36 hadi alipofariki mwaka 1843. Chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1477, na hata leo ukipita barabarani unaona wanafunzi kila upande, wamepanda baiskeli, shingo zimezungushiwa mitandio. Wakati wa joto watu hutembea mtoni kwa mitumbwi mirefu yenye kitako bapa, mmoja amesimama nyuma akisukuma kwa upondo. Tulipofika sisi mitumbwi ilikuwa imekwisha kuondolewa, na mto ulikuwa wa kijivu.

Binti yetu alitupokea stesheni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Tulimkumbatia, na mikono yetu ikatuambia habari kabla ya masikio. Mtu aliyefanya kazi wodini zaidi ya miaka ishirini humtazama mgonjwa shingoni na viganjani kwanza, maneno baadaye. Mitulinga ilikuwa imechomoza. Koti lilimpwaya.

"Mbona umekonda hivi?"

"Ni baridi tu mama. Na ngazi za huku ni nyingi."

Ngazi kweli ni nyingi. Kesho yake alitupandisha hadi kwenye ngome ya zamani iliyo juu ya mji, na wenzetu wawili walipumzika mara tatu njiani. Katika ngome hiyo kuna chumba kilichokuwa jiko, kisha kikageuzwa maabara. Humo ndimo mwaka 1869 daktari kijana kutoka Uswisi, Friedrich Miescher, alipochukua usaha kutoka kwenye bandeji za wagonjwa, akapata ndani yake kitu ambacho leo tunakiita DNA. Tulisimama pale muda mrefu. Bandeji ngapi zenye usaha tumezitupa sisi wauguzi bila kuzitazama mara ya pili! Binti yetu alicheka, kisha akashika ukuta kwa sababu kizunguzungu kilimpata. Hapo hatukuuliza tena habari za baridi. Tulimwambia atupeleke anakoishi.

Chumba kilikuwa kisafi, kitanda kimetandikwa vizuri. Chini ya meza palikuwa na mfuko mkubwa wa chupa tupu za plastiki na makopo ya soda. Tulimwuliza ni za nini. Akasema anazirudisha dukani. Kule Ujerumani ukinunua kinywaji cha chupa ya plastiki au kopo unatozwa senti 25 juu ya bei, na ukiirudisha unarudishiwa. Dukani ipo mashine inayoimeza chupa na kutoa karatasi ya hesabu.

"Zote hizi umekunywa wewe?"

Akanyamaza. Halafu akakaa kitandani, akalia kama alivyokuwa akilia akiwa darasa la pili. Chupa aliziokota. Chupa arobaini ni euro kumi, na euro kumi ilikuwa mkate, mchele na mayai ya siku nne.

Hapa lazima tueleze jambo ambalo sisi wenyewe hatukulielewa tulipokuwa tukijaza fomu za viza. Mwanafunzi wa nchi kama yetu hutakiwa kuonyesha kwamba ana fedha za kuishi mwaka mzima. Binti yetu alipoomba viza mwaka huo wa 2025, kiasi kilikuwa euro 11,904, yaani zaidi ya shilingi milioni thelathini. Baba yake alikopa chama cha akiba na mikopo, tukauza kiwanja, na shangazi yake akaongeza. Fedha zile huwekwa katika akaunti maalumu ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto. Mwanafunzi hawezi kuzichukua zote kwa mara moja. Kila mwezi hufunguliwa euro 992 tu, na hizo hupelekwa kwenye akaunti ya kawaida ambayo mwanafunzi ameifungua akiwa kule.

Sisi tulipopata ile karatasi ya uthibitisho tulishangilia, tukaona mtoto ameshalindwa. Hatukuona mnyororo uliokuwa mbele yake. Ili fedha zianze kutoka alihitaji akaunti ya kawaida. Benki aliyoiendea ilitaka karatasi ya kuandikishwa makazi katika ofisi ya mji. Ofisi ya mji ilitaka karatasi iliyotiwa sahihi na mwenye nyumba, kwamba ni kweli mtu huyu amehamia kwake. Na aliyempangishia chumba alisafiri bila kuitia sahihi, akawa anaahidi wiki ijayo, wiki ijayo. Sheria ya kule inataka mtu ajiandikishe ndani ya wiki mbili tangu kuhamia. Binti yetu alikuwa amepitisha wiki tano, anaogopa ofisi na anaogopa mwenye chumba.

Basi aliishi kwa nini? Euro 500 tulizomshonea ndani ya pochi zilikwenda kwenye dhamana ya chumba. Alikuwa na kadi ya benki ya nyumbani, ambayo ililipa kodi ya mwezi wa kwanza. Siku moja alipotaka kulipia bima ya afya kwa kadi hiyo, maana bima kule ni lazima kwa mwanafunzi, benki ikatuma namba ya kuthibitisha kwenye simu yake. Ilikwenda kwenye laini ya Tanzania. Na laini ya Tanzania ilikuwa Moshi, kwenye droo ya mdogo wake.

Kosa hilo ni letu. Tulimwambia uwanjani, "Laini hii ya nini huko Ulaya? Mwachie mdogo wako." Sisi ambao tunalipa maji, umeme na sadaka kwa simu, tulisahau kwamba siku hizi laini ndiyo ufunguo wa fedha. Alijaribu mara ya pili, mara ya tatu, na kadi ikafungwa. Kuanzia siku hiyo alikuwa na mamilioni kwenye karatasi na euro 14 mkononi.

Kwa nini hakusema? Tulimwuliza usiku ule, na jibu lake bado linatuuma. Alisema, "Mmeuza kiwanja, mama. Ningeanzaje kuomba tena?"

Tulianza na chakula, kama ilivyo kawaida ya wauguzi. Wenzetu watatu walichomoa kwenye vibeti vyao, wakapata euro 200, na hawakutaka kusikia neno la kurudishiwa. Jumatatu mwenyeji wetu, mama mmoja mzee aliyewahi kuwa mwalimu, alimpigia mwenye chumba simu. Hatukufahamu alichosema, ila sauti ilikuwa ile ya mwalimu anayemrudisha mtoto mstarini. Karatasi ilipatikana Jumatano, na ofisi ya mji ikampokea wiki iliyofuata. Akaunti ilifunguliwa, na fedha za kwanza ziliingia siku tatu baada ya sisi kurudi Moshi.

Katikati ya hayo palikuwa na Jumapili. Kule Jumapili maduka hufungwa, hata ukiwa na fedha mkononi unajikuta huna pa kununua unga, na hilo nalo mwanafunzi mgeni hulijua siku ambayo kabati ni tupu. Baada ya ibada mwenyeji wetu alitupeleka Derendingen, ambayo sasa ni sehemu ya mji wa Tübingen. Hapo ndipo alipozaliwa Johann Ludwig Krapf mwaka 1810. Aliingia Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Mwenzake Rebmann, aliyeuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, alizaliwa Gerlingen, si mbali na hapo. Tulisimama katika ukungu ule tukifikiri habari za wazazi wao. Barua ya kutoka Mombasa ilisafiri miezi mingi. Sisi tulikuwa na simu yenye picha na sauti, tulimwona mtoto kila Jumapili, na hatukujua kwamba hajala.

Kabla hatujaondoka tulikaa naye na daftari. Laini ya Tanzania ilikuwa jambo la kwanza. Mdogo wake alitaka kumsomea zile namba za benki kwa simu, tukakataa, kwa sababu ndiyo njia ambayo matapeli huitumia kila siku na hatutaki watoto waizoee. Laini aliletewa Januari na Mtanzania mwenzake aliyekuja likizo. Sasa iko ndani ya simu ya zamani, inapokea ujumbe, na tunaiwekea salio kidogo, maana laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba kupewa mtu mwingine.

Kadi ziko mbili, ya Ujerumani na ya nyumbani, na hazikai pochi moja. Moja anatembea nayo, nyingine iko chumbani pamoja na euro 300 taslimu. Taslimu tulizisisitiza kwa sababu tulijionea wenyewe. Katika duka moja la mikate mama muuzaji alikataa kadi zetu zote za kigeni kwa upole mkubwa, akatuonyesha sarafu kwa kidole. Kule yapo maduka madogo yanayopokea kadi za Kijerumani tu, au fedha mkononi tu. Na mashine ya kutolea fedha ikikuuliza kama unataka hesabu ya euro au ya shilingi, chagua euro, la sivyo watakubadilishia kwa bei yao.

Namba ya kuzuia kadi ya Kijerumani iliyopotea, 116 116, imeandikwa kwa kalamu ndani ya jalada la daftari, si kwenye simu, kwa kuwa simu na kadi hupotea pamoja. Kadi ya nyumbani ina namba yake ya benki, nayo imeandikwa hapo. Baba yake anayo nakala ya pasipoti ya binti, ili ikibidi kutuma fedha za kupokelewa dirishani jina liandikwe kama lilivyo pale, bila kupunguza hata la babu. Namba za siri haziandikwi popote.

La mwisho lilituchukua muda mrefu kuliko yote, nalo halihusu benki. Tulipatana kwamba kila Jumamosi atatuma tarakimu. Si "niko salama", ni tarakimu: kilichopo mkononi, kilichopo benki. Mwanzoni aliona aibu. Baba yake naye alinung'unika kwamba mtoto wa miaka 24 hakaguliwi kama duka. Tukamwambia basi na sisi tutamtumia za kwetu, pamoja na deni la chama limebaki kiasi gani, ajue kwamba halijatuua. Ndivyo tunavyofanya.

Ujumbe wa Jumamosi iliyopita ulisomeka hivi: "Shikamooni. Mkononi 38, benki 212. Zile 300 sijazigusa. Nimerudisha chupa sita, zote nimekunywa mwenyewe."